Mstari Mwekundu Ngazini

Huku kwetu hakukunyesha hata tone. Mvua ilikuwa ya huko juu, mto ukatuletea sisi, na tangu asubuhi mtaa mzima ulikuwa unatazama mstari wa marehemu baba yangu. Baba alikuwa fundi rangi. Aliupaka mstari huo mwekundu kwenye ngazi za mawe zinazoshuka mtoni nyuma ya nyumba yetu, akatangaza: maji yakiugusa, kila mtu abebe watoto aondoke. Mafuriko yaliyopita yaliugusa. Tukaondoka wote, yeye akarudi kumfungulia jirani mlango uliogoma, na hatukumwona tena. Hata mwili wa kuzika hatukuupata.

"Vipi, bado?" aliuliza fundi viatu kutoka dirishani kwake, kwa mara ya ngapi sijui. Huyu ni mtu wa kuuliza saa ilhali kavaa saa.

"Bado. Endelea na viatu vyako."

Nami nikarudi kwenye cherehani yangu, lakini moyo haukutulia. Mama alikuwa ametandika shuka safi kitandani, upande wa Baba, kisha akakaa mlangoni kimya. Kimya kile kilinikera. Mama wa kugombana na bomba likivuja, leo mto uko nyuma ya jiko na hana neno.

Nikashuka ngazini kuangalia kwa karibu. Mstari ulikuwa juu ya maji bado. Nikaugusa, na kidole kikarudi chekundu.

"Mama, umeuhamisha?"

Hakukana. "Ule wa zamani niliukwangua jana, nikapaka huu ngazi za juu. Mngeniondoa mapema. Mara ile tulikimbia, naye aliporudi akakuta nyumba tupu. Safari hii nataka anikute."

Nani huhesabu ngazi? Sote tulitazama wekundu tu.

"Mama, Baba amekufa."

"Umemzika wewe?"

Hasira zilinipanda, na chini ya hasira kulikuwa na woga, kwa sababu ziko siku nami humsikia akikohoa kule ngazini, na sijawahi kumwambia mtu.

Nikatoka nikapiga kelele mtaa mzima. Fundi viatu, safari hii bila swali hata moja, akatoka na wanawe mabegani, wengine wakafuata. Tulipofika barabarani maji yalikuwa magotini. Nilimshika Mama mkono, nikawa namkaripia njia nzima kama mtoto. Najua nilikosa adabu. Kwenye kona akasimama, akageuka. Nikadhani anagoma.

"Tunakwenda kwa dada yako," aliyaambia maji, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kumwachia mwenye duka maagizo. "Utatukuta huko."

Nikamvuta, tukaendelea. Hatukufika mbali, nikasimama mimi. Shangazi alihama baada ya mafuriko yale. Baba haijui nyumba mpya.

Nikageuka, maji yananifika mapajani, na mbele ya majirani wote nikasema, "Baba, si pale pa zamani. Panda barabara ya shule, nyumba ya mwisho, geti la kijani. Ukibisha, nitafungua mimi."