Shubiri Moja Nyuma ya Kitanda

Siku tuliyopima chumba cha mama, mwenyewe alikuwamo, amelala. Mdogo wangu alishika tepu upande wa dirishani, mimi nikaivuta kuelekea kitandani.

"Mnanipima gauni?" mama akauliza.

"Tunapima chumba, Mama. Ni kazi ya chuo."

"Haya, Injinia. Kipimeni vizuri, msije mkanitoa nje."

Mdogo wangu alikuwa anasomea usanifu wa majengo na upangaji wa ndani ya nyumba, lakini mama alishaamua kwamba anayechora nyumba ni injinia, na hakuna aliyembishia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kufunga mwaka. Kila mwanafunzi alitakiwa achague chumba cha kweli, akipime, kisha akipange upya kwa ajili ya mtu anayekitumia. Mwaka uliotangulia mdogo wangu alianguka somo hilohilo. Alichora mapokezi ya hoteli ambayo hajawahi kuikanyaga, na mwalimu wake akamwambia ni picha nzuri isiyo na mtu ndani. Akaruhusiwa kurudia mara moja tu. Akianguka tena, angerudi nyumbani na begi lake, na miaka minne ingekuwa imekwenda na maji. Ndiyo maana safari hii alichagua chumba anachokijua, na mgonjwa anayemjua.

Tepu ikafika ubavuni mwa kitanda. Ili ifike ukutani ilibidi ipite juu ya mama. Nikaizuia kwa kidole. Sikusema kwa nini. Mdogo wangu alinitazama, akaelewa, kwa sababu sote tunajua ni nani hupimwa amelala.

"Mpaka hapa ni mia moja sitini na nane," nikasema. "Kitanda ni mia moja na ishirini, baba alikinunua kwa kipimo hicho."

"Na nyuma yake?"

Nyuma ya mama, upande wa ukuta, nilikuwa nimepanga mablanketi yaliyokunjwa ili asiguse ubaridi. Ukuta wenyewe sikuuona. Mimi ni fundi cherehani. Jicho langu limezoea kukadiria, na kitambaa hakinuni ukikiachia ziada.

"Shubiri moja," nikasema. "Andika ishirini na mbili."

Akaandika. Upana wa chumba ukawa mita tatu na sentimita kumi.

Mama alifariki wiki ya sita baada ya hapo, saa nne asubuhi, nikiwa namfulia shuka. Sitaeleza zaidi.

Chuo kilimpa mdogo wangu siku saba, kisha akarudi studio. Nilikuwa nikimpelekea chakula mchana, kwa kuwa nisipompelekea hali. Ile studio ni chumba kirefu chenye meza za mbao zilizochanjwachanjwa na visu vya kukatia karatasi. Kila mtu ana kona yake, na kila kona imejaa gundi, vipande vya kadibodi na vikombe visivyooshwa. Wenzake walitaniana kwa sauti. Yeye alikata kadibodi kimya kimya, macho mekundu, akikosea na kukata upya. Alikuwa anajenga mfano wa chumba ambao kila mita ya kweli ni sentimita tano. Kitanda kilikuwa katikati, njia huku na njia kule, ili anayeuguza apite pande zote mbili. Hilo ndilo lililokuwa wazo lake, na mwalimu alikuwa amelipenda.

"Umelala jana?" nikamuuliza.

"Nitalala nikimaliza."

"Ukimaliza au ukimalizika?"

Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Siku tano kabla ya kuwasilisha, baba akasema kitanda kile kitolewe, hawezi kuendelea kukipita kila asubuhi. Tulikibeba sisi watatu. Kilipotoka tuliona ukutani mstari mrefu wa rangi iliyokwanguka, pale ambapo ubao wa kitanda ulikuwa ukisugua. Hapakuwa na shubiri nyuma yake. Hapakuwa hata na nafasi ya kidole. Mablanketi yangu yalikuwa juu ya kitanda muda wote.

Mdogo wangu akaleta tepu, tukapima upya, na safari hii haikuwa na cha kuizuia. Mita mbili na sentimita themanini na nane.

Akakaa sakafuni.

"Ni sentimita ngapi kwenye mfano wako?" nikauliza.

"Moja na kidogo."

"Basi acha. Sentimita moja nani ataiona? Hao walimu hawaji hapa na tepu."

"Dada, ile njia ya upande wa pili ilikuwa sitini. Sasa ni thelathini na nane. Hapiti mtu."

"Kwenye karatasi anapita."

"Mama hakulala kwenye karatasi."

Nilikuwa nimemharibia kazi kwa mkono wangu, halafu namfundisha kuficha. Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akaenda zake. Mdogo wangu akafunika uso kwa viganja.

"Siku tano," akasema. "Sina wazo jingine. Sina hata nguvu ya kulitafuta. Nionyeshe ulikuwa unapita wapi."

"Wapi nini?"

"Ulipokuwa unamuuguza. Upande ule wa ukutani ulikuwa unapitaje?"

"Sikuwahi kupita. Kwa nini nipite? Nilimgeuzia upande huu, nikamlisha upande huu."

"Kwa hiyo hukuhitaji njia ya pili."

"Nilihitaji pa kulala," nikasema. Maneno yalinitoka tu. "Miezi saba nimelala hapo ulipokaa."

Akainua uso, akatazama sakafu aliyoikalia, kisha akanitazama mimi. Yeye alikuwa akilala bwenini. Alikuja Jumamosi mchana na kuondoka Jumapili. Hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kusema.

Siku tano zile alibomoa mfano wote. Kitanda kikarudi ukutani, kabati likaondoka, na chini ya dirisha akaweka benchi la mita moja na sabini, lenye godoro juu na droo za dawa chini. Hakuwahi kuweka paa, wala kupaka rangi. Kuta mbili zilishikana kwa gundi iliyoonekana.

Siku ya kuwasilisha ndugu waliruhusiwa kukaa nyuma. Baba hakuja, mimi nilifunga duka langu la kushonea nikaenda. Walikuwepo mwalimu wake, ambaye ni mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na watahini wawili kutoka nje.

"Binti, huu mfano haujaisha," mtahini mmoja akasema.

"Haujaisha."

"Na hili benchi mbona linakula chumba? Mgonjwa ni mmoja."

"Wanaolala humo ni wawili," mdogo wangu akajibu.

Mwalimu akavaa miwani. "Tathmini iliyopita ulikuwa na njia pande mbili za kitanda. Nililipenda lile wazo. Limekwenda wapi?"

"Chumba hakina nafasi hiyo. Kipimo changu kilikuwa na makosa."

"Makosa yalitoka wapi?"

Nikanyanyuka nusu kutoka kwenye kiti. Mdogo wangu hakugeuka nyuma.

"Ni mimi," akasema. "Nilipewa makadirio, nikaandika kama kipimo. Nilikuwa na wiki nyingi za kurudi kupima, sikurudi."

Nikakaa.

Waliandika muda mrefu. Kisha mwalimu akasoma: amepunguziwa alama kwa mfano usiokamilika na kwa kipimo cha kwanza, benchi limempa alama alizobaki nazo. Amepita, alama mbili juu ya mstari.

Tulitoka, tukakaa kwenye ngazi za nje, mfano ukiwa magotini mwake. Hatukuwa na nguvu ya kufurahi. Aliegemeza kichwa begani kwangu na usingizi ukamchukua palepale, mchana kweupe, watu wakituruka. Mlinzi akaja kusema tunaziba njia. Nikamwomba atuache kidogo. Akatutazama, akawaelekeza watu wapite upande wa pili.