Diski ya Josho

Alama nyekundu ilikuwa imetua kwenye skrini kama inzi ndani ya maziwa, na chini yake maneno machache: diski ya pili imezimwa. Haikusema imekufa wala imeungua. Imezimwa, basi. Karwirwa alisoma, akasoma tena, na hasira ya zamani ikaanza kumpanda, maana lugha hiyo aliijua. Mwaka ule alipouliza katika kamati ya maji ni nani aliyemeza mabomba, hakuna aliyesimama kumwambia amekosea. Mkutano uliofuata jina lake halikusomwa, na alipouliza sababu, wakamwambia ajenda ni ndefu.

"Wewe nawe wamekutoa bila kukuuliza," aliiambia diski.

Mashine yenyewe haikuwa ya kujivunia mbele ya wageni. Ilikuwa kompyuta kuukuu aliyoinunua Embu, ofisi moja ilipokuwa ikitupa vyombo vyake, na sasa ilikaa juu ya kabati sebuleni kwake, mtaa wa Kinoru mjini Meru, ubavu mmoja wazi ili ipate hewa, nyaya zikining'inia nje kama utumbo. Hakusomea mambo ya kompyuta popote. Alijifunza kwa kuharibu na kutengeneza, kwa kusoma usiku na kubishana na watu asiowajua kwenye mtandao. Humo ndani aliweka kila baraza alilorekodi kwa simu, kila mkutano wa shule, kila mzee aliyekubali kusema. Majirani waliiita ghala la Mama Maxine, kwa jina la bintiye, wengine kwa heshima, wengine kwa kucheka.

Wacheke. Katika nchi hii faili lina miguu. Faili la josho lilitembea kutoka ofisi moja hadi nyingine, likarudi na kurasa za shamba la mtu wa mbali, kisha likaenda moja kwa moja.

Na kesho asubuhi, mjini Meru, ndiyo siku ya kusikizwa kwa kesi ya josho.

Josho lenyewe lilikuwa kijijini kwao, juu ya Laare. Mzee Kithinji alilitoa shamba hilo akiwa kijana, ng'ombe wa kila mtu waogeshwe hapo. Baadaye miraa ikala malisho, ng'ombe wakapungua, josho likakauka, lakini uwanja ukabaki wa watu: watoto walicheza mpira, wanawake walianika maharagwe, harusi zisizo na ukumbi zilifanyiwa hapo. Kisha Bundi, mwenyekiti wa kamati ya josho, mtu aliyechaguliwa kulilinda, akaja na hati yenye jina lake na lori la nguzo za ua.

Lakini Bundi huyohuyo aliwahi kusimama barazani, mkono wake begani mwa Mzee Kithinji, akasema mbele ya umati kwamba josho ni la umma na yeye hataligusa milele. Karwirwa alimrekodi. Mzee Kithinji sasa yuko kaburini. Waliokuwa barazani siku ile wengi wamepatwa na ule usahaulifu unaokuja mtu tajiri akinunua gari la pili. Simu aliyorekodia ilinyakuliwa mkononi mwake stendi. Nakala aliyoipeleka ofisini ilifuata faili. Hata humo ndani ya mashine zilikuwa diski mbili zenye vitu vilevile, moja mlinzi wa mwenzake, lakini ya kwanza iliuawa na umeme ulipoyumba wakati wa mvua kubwa, naye hakuwa amepata nyingine. Iliyobaki ndiyo hii yenye inzi mwekundu.

Mlango ulibishwa. Aliingia Murithi, katibu wa kikundi chao cha kutetea josho, koti limebanwa kwapani, uso wa mtu aliyekwisha kuamua jambo garini.

"Mama Maxine, hodi. Imeamka?"

"Haijaamka. Keti."

Murithi hakuketi. Aliinama mbele ya skrini. "Imezimwa. Hiyo ni kusema imekufa kwa adabu."

"Kama ingekuwa imekufa ingesema imekufa."

"Sikiza, dada yangu." Murithi alipokuita dada yake, ulijua kuna kitu. "Bundi ameongea nami. Yuko tayari kutuachia kona ile ya chini, tujenge nasari ya watoto. Tukikubali leo, kesho hakuna kesi. Anapiga simu saa hizi za alasiri apate jibu. Nusu mkate ni afadhali kuliko kukosa mkate."

"Mkate ni wa nani?"

"Si unajua ninachosema."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza."

Murithi alipumua kama mtu anayepandisha gunia mlimani. Macho yake yalirudi kwenye skrini. "Na hiki hapa? Si kinasema uandae diski upya? Kibonyeze basi, iandaliwe." Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kipanya.

Karwirwa aliupiga kofi mkono huo kama mtu anavyopiga mbu. "Toa! Ukibonyeza hapo itafuta kila kitu, halafu ikuambie kwa rangi ya kijani kwamba mambo ni sawa. Daktari akikuta mgonjwa amelala haanzi kwa kuchimba kaburi."

"Haya, daktari. Mgonjwa ni wako."

Alianza na sikio. Aliliweka kwenye ubavu wa mashine na kunyamaza. Diski inayokufa ina sauti yake, hukwaruza, hugonga tik, tik, kama kuku anayedonoa bati. Hii ilizunguka kwa mvumo mmoja, laini, kama kinu cha kusaga mahindi kilicho ng'ambo ya mto. Akakaa tena. Akaita ripoti ya afya ambayo kila diski hujiandikia yenyewe, na kuishusha pole pole, kidole kikifuata mistari juu ya kioo.

"Sehemu zilizoharibika, hakuna," alisema. "Zinazoshukiwa, hakuna. Joto, kawaida. Murithi, hebu njoo uone."

"Mimi naona nambari."

"Tazama huu mstari. Makosa ya usafirishaji. Umejaa! Unajua maana yake? Ni kama mtu anaandika barua nzuri, mwandiko safi, lakini zinafika zimechanika. Mashine inapokea matambara, inakasirika, inamfukuza mwandishi."

Murithi alikuna kidevu. "Kwa hivyo mwenye makosa ni posta."

"Mwenye makosa ni njia! Waya, ama tundu la waya. Diski haina kidonda. Imesingiziwa."

Alisema neno hilo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na jikoni kisu kikasimama. Huko mama yake, Bibi Kanana, alikuwa akimenya ndizi mbichi, mikono imepakwa mafuta utomvu usimshike. Karwirwa hakumjali bado. Alifungua kumbukumbu za mashine zenyewe, akarudi nyuma hadi makosa yalipoanza. Wiki nzima iliyopita ilikuwa safi. Ijumaa, safi. Jumamosi mchana, ghafla, mvua ya makosa.

Jumamosi mchana yeye alikuwa sokoni. Jumamosi mchana jumuiya ya kanisa ilikuja kusali hapa nyumbani.

"Mama!"

"Naam."

"Jumamosi wageni walipokuja, uligusa mashine?"

Bibi Kanana alitokea mlangoni na kisu chake, amejaa heshima iliyojeruhiwa. "Kugusa? Sikuigusa mimi. Niliisitiri."

"Uliisitiri vipi, Mama?"

"Wageni wanakuja na Biblia, wewe umeacha chuma kimekaa uchi, matumbo nje, kikitazamana na padri? Mwari wakwa, binti yangu, sikukulea hivyo. Nilipangusa vumbi, nikakusanya zile kamba zake, nikazifunga vizuri, nikaweka kitambaa."

Kitambaa Karwirwa alikuwa amekiona. Nani asiyekiona? Katika nyumba za Meru, kochi lina kitambaa, redio ina kitambaa, meza ina kitambaa na kitambaa kina kitambaa. Hiki kilikuwa cheupe, kimefumwa tausi, na asubuhi alipokiona alikivua tu na kukitupa kando bila kuwaza. Nyuma ya mashine hakutazama. Sasa akalisogeza kabati, akainama.

Nyaya zote zilikuwa zimekusanywa, zikanyooshwa, zikabanwa pamoja na kufungwa kwa kamba ya mgomba, mzunguko juu ya mzunguko, ncha imechomekwa ndani, imekaza kama jiwe. Bunda la miraa, kilo kamili, tayari kwa soko.

Murithi alichungulia, akashika tumbo. "Shosho! Umepaki kompyuta!"

"Cheka," alisema Bibi Kanana. "Nimefunga miraa Laare tangu baba yako hajavaa suruali. Mafundo yangu yamepanda ndege kwenda ng'ambo, mimi sijapanda. Hakuna hata moja lililowahi kulegea."

"Hilo ndilo tatizo, Mama," Karwirwa alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilitaka kucheka. "Halikulegea."

Alizima umeme. Mama yake mwenyewe ndiye aliyelifungua fundo, maana vidole vingine visingelipata kichwa chake. Kamba ilipoachia, nyaya zikapumua, na Karwirwa akaona alichokuwa akikitafuta: waya mwembamba wa diski ya pili ulikuwa umevutwa upande, kichwa chake kimetoka nusu tunduni, kimeshikilia kwa jino moja.

Bibi Kanana alikitazama kile kichwa. Kisha akasema polepole, "Nimemuua mzee Kithinji mara ya pili?"

"Hujaua mtu. Ngoja."

Alitoa waya ule, akaweka mwingine, akausukuma hadi ukalia tak. Akawasha. Walisimama watatu mbele ya skrini kama watu wanaosubiri kuni mbichi zishike moto. Diski ikaonekana. Inzi mwekundu bado alikuwa pale.

"Bado," Murithi alisema, na sauti yake ilikuwa na kitu kinachofanana na nafuu.

"Ulidhani itajirekebisha? Mashine ni kama kamati. Hata ikijua imemwonea mtu haimrudishi, mpaka aje mwenye kuilazimisha."

Akaandika amri, herufi kwa herufi: ifute mashtaka, ifungue diski, lakini kwa kusoma tu, isiandike hata nukta. Akabonyeza. Kwa kitambo hapakuwa na kitu ila ule mvumo wa kinu cha ng'ambo. Halafu majina ya mafaili yakaanza kushuka, moja baada ya jingine, mabaraza, mazishi, mikutano, na katikati yake lile alilolitaka.

Picha ilitikisika, mkono wake wa siku zile haukuwa umetulia. Lakini uwanja ulikuwa ule, na Mzee Kithinji alikuwa kwenye kiti chake, kofia gotini, na Bundi, mwembamba wakati huo, akisema, "Hili josho ni la umma! Mimi Bundi nikiligusa, mnifukuze kama mbwa!" Umati ukapiga makofi. Na mbele kabisa, kijana mmoja akageukia simu, meno yote nje, akapaza sauti: "Rekodi hiyo, Mama Maxine! Irekodi vizuri!"

Kijana huyo alikuwa Murithi.

Murithi alitazama ule uso wake wa zamani. Koti likamdondoka kwapani, naye hakuliokota.

Simu yake ikaita. Alitazama jina, akamtazama Karwirwa.

"Ipokee kwa spika," Karwirwa alisema.

"Murithi," Bundi alianza, sauti ya mtu aliyeshiba. "Sasa? Huyo mama amekubali, ama bado analilia kompyuta yake?"

Karwirwa aligeuka polepole. Ule ujumbe wa diski aliuona asubuhi ya leo. Alikuwa amemwambia Murithi peke yake, kwa simu. Murithi aliinamisha macho. Hapakuwa na haja ya kuuliza.

"Mwenyekiti," Karwirwa aliiambia simu, "ni mimi."

"Oh, Mama Maxine! Pole na msiba."

"Hakuna msiba hapa. Kesho tukutane."

"Mama, usiwe mgumu. Nimewapa kona nzuri. Mtu mwingine asingewapa hata hiyo."

"Mwizi wa ng'ombe hasifiwi kwa kurudisha mkia. Uje na wakili wako, uje na hati yako, uje na hizo nguzo zako ukitaka. Sisi tunakuja na wewe mwenyewe." Akakata.

Alasiri ile yote alinakili. Alizijaza flashi zote zilizokuwa nyumbani, hata ile ya nyimbo za Maxine. Moja Bibi Kanana aliifunga kwenye pindo la leso yake, akatangaza kwamba kesho naye atakwenda, na asiyetaka atamkuta huko. Moja Karwirwa aliishika mkononi muda mrefu, akimtazama Murithi, aliyekuwa bado amesimama pale pale.

"Hii ni ya watu wa Laare, waje nayo kesho kortini. Utaifikisha, ama nawe una miguu kama faili?"

"Nitaifikisha."

"Ulimwambia Bundi."

"Nilimwambia." Akalitazama koti lake sakafuni. "Nilichoka, Mama Maxine. Wewe huchoki?"

"Nachoka. Kisha nakumbuka."

Bibi Kanana aliichukua ile flashi bila kuuliza ruhusa. Akatoka nje, akarudi na kipande cha jani la mgomba, akaifunika, akaikunja, akachukua ileile kamba iliyofunga nyaya na kuizungusha, mzunguko juu ya mzunguko, ncha ndani. Akampa Murithi.

"Kijana, fundo hili nalijua kama uso wangu," alisema. "Kesho nitalifungua mimi, mbele ya hao watu. Nikikuta fundo la mtu mwingine, hutahitaji kunieleza."

Murithi alilitia mfuko wa ndani, akaokota koti lake, akatoka. Bibi Kanana alikiokota kitambaa cha tausi sakafuni, akakikung'uta, akamtazama bintiye.

"Na hii mashine yako?"

"Funika, Mama. Kwa juu tu."