Kibanda Badala ya Mshahara

"Kitendawili," alisema mama mkwe, kisu mkononi na beseni la viazi mapajani.

"Tega," akajibu Mwalimu, akivua viatu mlangoni.

"Nina ng'ombe wangu, maziwa namkamua kila siku, majani namwahidi."

Mwalimu hakuhitaji kupewa mji. Alivuta kigoda, akasema ng'ombe huyo ni yeye mwenyewe, na leo kaongezewa ahadi nyingine.

Akasimulia. Ofisa elimu wa halmashauri alikuja shuleni, akawakusanya walimu wote katika darasa la pili, ambalo ndilo lake Mwalimu, akakaa kwenye dawati la watoto hata magoti yakakaribia kidevu. Akaeleza kwa upole kwamba makusanyo ya mwaka yamekuwa haba, mfuko umetoboka, na mishahara itabidi isubiri. Lakini halmashauri haina moyo wa jiwe. Ilikuwa imejenga soko jipya, na hakuna mfanyabiashara aliyetaka kuhamia. Basi kila mwalimu atapewa kibanda humo, bure, ajikimu alasiri mpaka mambo yatengemae. Walimu wakapiga makofi. Wamezoea kuwapigisha watoto makofi hata pale jibu linapokuwa na walakini.

"Kwa hiyo kibanda umepata," alisema mama mkwe. "Na cha kuweka ndani ya kibanda?"

"Hicho hakikuwemo kwenye ajenda, Mama."

Mwalimu alikopa nyanya kwa muuza jumla. Asubuhi akafundisha, alasiri akauza. Kuacha ualimu hakukumpitia hata akilini, maana watoto wake walikuwa wamefika pale herufi zinapoanza kushikana mikono na kuwa neno. Mwalimu anayeondoka hapo ni sawa na mpishi anayetoka jikoni wakati maziwa yanapanda.

Biashara yenyewe, kwa kweli, ilikuwa kichekesho. Wenzake walipaza sauti kuita wateja. Yeye alisimama kimya na mikono nyuma, akingoja soko zima litulie kwanza ndipo aseme. Soko halikutulia. Mtoto akitumwa nyanya kwake, hapewi chenji mpaka aseme mwenyewe ni kiasi gani, na akikosea anapewa chaki ajaribu tena sakafuni, huku foleni nyuma yake ikirefuka na kunung'unika. Bwana mmoja aliyetaka kupunguziwa bei aliambiwa anyooshe kidole kwanza.

"Mwalimu, huku hatusahihishi wateja," muuza vitunguu wa kibanda cha pili alimshauri. "Mteja akisema mbili na mbili ni tano, wewe pokea tano umwambie karibu tena."

Lakini kina mama walipenda. Walianza kumwachia watoto wakati wanazunguka sokoni, na wakirudi wanamkuta mtoto anasoma bei kwenye kipande cha boksi, kidole chini ya kila herufi. Na kwa kuwa waliona haya kuchukua somo bure, walinunua nyanya, hata wale waliokuwa na nyanya nyumbani. Deni la muuza jumla likaisha. Makreti matupu yakageuka viti. Jikoni kwa mama mkwe chungu kikaacha kulala ubavu.

Ndipo akaja mtoza ushuru, kijana mwenye kizibao cha kung'aa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ila kibanda hiki ni cha bure."

"Kibanda ni cha bure. Ushuru ni wa nyanya." Akachungulia ndani. "Na hawa, je?"

"Wateja."

"Wateja gani wanaimba a, e, i, o, u?"

Kijana mwenyewe aliona aibu, maana alikuwa amelelewa vizuri. Akaeleza akitazama ndala zake: kibanda kimeandikishwa kuuza mboga, na kufundisha humo bila kibali cha shule ni kosa. Ama masomo yakome kabla ya Ijumaa, ama kibanda kifungwe.

Mwalimu akaenda kuomba kibali. Ofisini kwa ofisa elimu pangaboi lilikuwa halizunguki, mafaili yalipanda ukutani hadi dirishani, na chupa ya chai ilikaa juu ya kiti cha wageni, kwa hiyo mgeni alisimama. Ofisa alimpokea kwa moyo mkunjufu. Alisema wazo la shule ni zuri sana, wangepatikana wengi kama yeye nchi ingeendelea. Kibali hutolewa palipo na mwalimu mwenye sifa.

"Sifa ninazo," alisema Mwalimu. "Mlizithibitisha nyinyi."

"Haswa. Tatizo umeajiriwa na sisi. Mwajiriwa wetu haruhusiwi kufundisha kwingine kwa malipo."

"Kwingine? Kwani hapa kuna malipo?"

"Hilo ni la mweka hazina, mama. Mimi ni wa elimu."

Basi ikawa hivi: akitaka kufundisha kibandani, aache ualimu. Akitaka kubaki mwalimu, awafukuze watoto kibandani, na bila watoto hao nyanya zitamwozea. Alimweleza mama mkwe, naye safari hii aliuliza bila kutega kitendawili.

"Wale wa darasa la pili watapata nani?"

"Ofisa anasema watamtafuta mwingine."

"Wamlipe nini huyo mwingine, mwanangu?"

Chungu hakipiki ahadi, basi Mwalimu akachagua kibanda. Siku ya kuaga, Mwalimu aliandika sentensi ubaoni, na kabla hajageuka darasa zima lilikuwa limeisoma lenyewe, bila kusaidiwa. Hapo ndipo moyo ulipomuuma hasa. Alikabidhi barua ya kuacha kazi, akapewa kibali siku hiyohiyo. Halmashauri iliyokuwa imesahau njia ya kulipa, njia ya kupokea ada ya kibali iliijua hata ikifumba macho.

Jumatatu alasiri msafara ukaingia sokoni. Watoto wa darasa la pili, wawili wawili, wameshikana mikono, na mbele yao mwalimu mkuu ndani ya koti lake la sherehe. Alieleza kwamba mwalimu mwingine hakupatikana. Halmashauri imeamua darasa lihamishiwe shule ya karibu yenye kibali na nafasi, na baada ya kutafuta sana, imeonekana shule hiyo ni hii. Ada italipwa na halmashauri.

"Lini?" aliuliza Mwalimu.

Mwalimu mkuu akatazama mawingu. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa akilinda nyanya, alicheka hadi akashika nguzo.

Mwalimu hakucheka. Alisogeza makreti haraka, akawapanga watoto kila mmoja kando ya jirani yake wa zamani, akauliza walikuwa wameishia wapi. Wakamwambia kwa sauti moja, na muuza vitunguu akaacha kuita wateja ili asikie.

Walipoinama kuandika, mwalimu mkuu alikuwa bado hajaondoka. Alisogea karibu, akashusha sauti kama mtu anayeulizia dawa, akataka kujua kama shule hii inahitaji mwalimu wa pili.

"Una cheti?"

Alikuwa nacho. Akauliza mshahara ukoje.

"Nyanya," alisema Mwalimu. "Ila ni kila jioni."

Mwalimu mkuu akavua koti, akatafuta msumari wa kulitundika, akaukosa, akampa mama mkwe alishike. Kisha akaenda kusimama nyuma ya watoto, mikono mbele, kama mwalimu mgeni anayengoja kupangiwa somo.