Mchoro wa Kuku Uliopinduliwa

Jarida letu la utafiti wa mifugo lina desturi moja ya kijinga: mwandishi wa makala huruhusiwa kumpendekeza msomi wa kuihakiki kabla haijachapishwa. Mwamba ngoma, ngozi huvuta kwake. Mimi mhariri nimepiga kelele mpaka koo limekauka, na wakubwa wananiona mkorofi tu.

Basi Daktari wa Kuku, kama tunavyomwita, akaleta makala kuhusu dawa yake ya kunenepesha vifaranga. Akapendekeza ihakikiwe na profesa mmoja wa ng'ambo, akanipa na anwani yake ya barua pepe. Nikamtumia huyo profesa kwa barua pepe. Chai yangu haijapoa, jibu likarudi: "Kazi ya kipekee! Ichapishwe kama ilivyo." Hakuuliza hata kama kulikuwa na vifaranga wasiopewa dawa, wa kulinganisha nao.

Machale yakanicheza. Nikaupindua mchoro wa uzito, mstari uliokuwa unapanda ukawa unashuka, kana kwamba dawa inawakondesha. Nikamwandikia tena: "Samahani sana, Profesa. Nakala ya kwanza ilikuwa na kasoro. Hii ndiyo yenyewe, tafadhali itazame."

"Wewe una wazimu," akasema katibu wetu, akivuta kiti asipitwe.

Profesa wa ng'ambo, ambaye hajawahi kukanyaga banda la utafiti ule, akajibu papo hapo, kwa herufi kubwa:

"NANI KAPINDUA MCHORO? KUKU WANGU HAWAJAWAHI KUKONDA!"

Nikamjibu kwa adabu zote: "Shikamoo, Daktari."