Zizi Lisilo na Pini

Ukutani ofisini kwetu palikuwa na ramani, na mimi, daktari wa mifugo, ndiye niliyechoma pini nyekundu. Pini saba kwa wiki moja, kila moja zizi lililougua, na tarehe yake. Ng'ombe walitokwa na mate kama povu la sabuni, ndimi zina vidonda, kwato zinawauma. Ugonjwa wa miguu na midomo. Kirusi chake hakibishi hodi.

Mkuu wangu alikuwa na jibu tayari. "Ni huyu muuza maziwa. Kila siku zizi hili, zizi lile. Andika barua, anyang'anywe kibali."

Nilikubali upesi, nisiseme uongo. Jamaa alikuwa na mdomo. Kila tukikutana: "Daktari, taratibu, ng'ombe wakikuona maziwa yanakauka!" Kumwandikia barua mtu wa aina hiyo hakukuniuma hata kidogo. Kibali kile ndicho kilicholisha watoto wake wanne, lakini hilo nililisukuma kando.

Kilichonikera ni zizi moja katikati ya pini zote, la bibi mmoja mjane, lisilo na pini. Asubuhi nikaenda kulipima.

Bibi alinisubiri langoni na ndoo ya dawa. "Vua buti, mwanangu. Vaa kandambili zangu."

"Bibi, mimi ndiye daktari."

"Ndiyo maana. Wewe unatoka kwa wagonjwa. Mara ile ulikataa, ukaondoka umevimba. Muuza maziwa ananung'unika, lakini magurudumu ya baiskeli anaosha."

Nikavua. Kandambili zilikuwa ndogo, visigino vyangu vikakanyaga matope. Ng'ombe wake wanne walikuwa wazima, wanacheua bila habari na mtu.

Niliporudi ofisini nilifungua daftari langu la ukaguzi, nitafute tarehe za kutia kwenye barua. Ukurasa wa wiki mbili nyuma ulikuwa na mazizi manane, siku moja. La kwanza, kule mlimani: "Ndama anatoa mate. Huenda kachomwa na mwiba." Kisha la pili, la tatu, nikishuka. La tano: "Mjane mkaidi. Amekataa ukaguzi." La nane, bondeni, la muuza maziwa mwenyewe. Nikainua macho kwenye ramani. Ugonjwa ulikuwa umeshuka kwa mpangilio ule ule. Muuza maziwa huanzia bondeni akapanda. Aliyeshuka ni mimi, na buti zangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa miguuni.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Barua niliiandika, ila jina nililotia ni langu. Mkuu akaisoma mara mbili.

"Una wazimu? Nani atakuuliza?"

"Hakuna," nikasema. Nikaipiga muhuri.

Jioni nikamfuata muuza maziwa kwake. Nilisimama nje ya lango, buti mkononi, nikamweleza yote. Nilingoja kejeli, nilizistahili. Hakunitania. Alitazama kamba iliyolala chini kando ya kigingi. Ng'ombe wakubwa huupona ugonjwa huu, lakini ndama wengi hauwaachi, na wake alikuwa amekufa juzi.

"Siku ile ulipokuja," akasema, "nilikufungulia lango mwenyewe. Nikakwambia karibu, daktari, karibu ndani."