Mstari wa Barabara ya Sexton

1. TANGAZO

Wakazi wote wa Pellbridge wanaarifiwa kwamba, kufuatia mapitio ya majimbo ya kaunti, jimbo la Pellbridge limezidi idadi ya wapiga kura inayoruhusiwa na litagawanywa. Katika Barabara ya Sexton, mpaka utapita katikati ya barabara. Nyumba za upande wa kanisa zitakuwa katika jimbo la Pellbridge Mashariki na Vijiji. Nyumba za upande wa mfereji zitakuwa katika jimbo la Averley na Pellbridge Magharibi, na wakazi wake watapangiwa kituo kipya cha kupigia kura.

Mabadiliko haya hayaathiri siku ya kuzoa taka.

2.

Siku ya kuzoa taka haikuathirika, alhamdulillahi. Mengine yote yaende yatakako.

Bi. Raya wa nambari kumi na mbili alilisoma tangazo hilo kwenye nguzo ya taa, mkoba wa vitunguu ukimning'inia mkononi. Akalisoma tena. Kisha akageuka kuitazama nambari kumi na tatu, ng'ambo ya barabara, ambako pazia la chini lilikuwa limefungwa nusu kama kawaida. Barabara yenyewe si pana. Gari mbili zikikutana, moja hupanda ukingoni ikasubiri.

Akasema kwa Kiswahili, peke yake, maana katika mji mzima wa Pellbridge hakuna mwingine wa kumwambia kwa lugha hiyo:

"Sasa mimi na yule tutafutana vipi?"

3.

Ngoja nikueleze huko kufutana, usije ukadhani bibi wa watu ameanza kuchanganyikiwa.

Bi. Raya ni mtu wa Wete, Pemba. Alikuja kaunti hii ya Kiingereza angali kijana, yeye na mumewe Mzee Khatib, wakafua mashuka ya hospitali mpaka wakastaafu. Mzee Khatib akafariki. Mtoto wao mmoja, Nassir, yuko Kanada, hupiga simu Jumapili huku anaendesha gari. Hiyo ndiyo familia.

Mara ya kwanza kupiga kura, baada ya kupata uraia, Bi. Raya alitoka nje asijue kituo kiko wapi. Getini kwa nambari kumi na tatu alisimama mwanamke mrefu mwenye kofia ya kijani ya sufu. Huyo ni Bi. Pask, Doreen Pask, aliyeendesha gari la maktaba vijijini maisha yake yote ya kazi na ambaye hakuolewa. Walikuwa wametazamana miaka na miaka bila kuzungumza.

"Unakwenda kupiga kura?" akauliza Bi. Pask. "Nami nakwenda."

Wakaenda. Njiani, kwa kukosa la kusema, wakaulizana vyama. Ikawa chama cha huyu ndicho adui mkubwa wa chama cha yule. Vyama vyenyewe sivitaji, havikumkosea mtu hapa.

Bi. Pask akafikiri kidogo. "Basi kura yako inafuta yangu, na yangu inafuta yako. Tungeweza kubaki nyumbani tukanywa chai."

Hawakubaki. Wala chai hawakunywa.

Lakini tangu siku hiyo, kila uchaguzi, uwe wa wabunge, wa madiwani, au ule wa kamishna wa polisi ambao hakuna aliyejua ni wa nini, walikwenda pamoja. Sababu ilikuwa nzito: mmoja asije akapiga kura mwenzake akiwa amelala, akamshinda kwa kura moja. Ulinzi tu. Walikwenda mpaka ukumbi wa kanisa, wakafutana, wakarudi kwa njia ndefu ya mfereji, kwa kuwa njia fupi, alivyosema Bi. Pask, ina matope.

Hata kiangazi alisema ina matope. Bi. Raya hakumbishia hata siku moja.

4.

Maneno yote aliyopata kuyasema Bi. Pask siku zisizo za kura:

Baridi.

Baridi leo.

Afadhali jana.

Barua yako imeletwa kwangu.

Pole kwa msiba. (Hili aliliandika kwenye kadi, akaipenyeza chini ya mlango, akaondoka.)

Baridi.

5.

[Kipande hiki kimehamishiwa jimbo jingine.]

6. RAMANI

KUMI NA MBILI  ¦  KUMI NA TATU

taa ya jikoni  ¦  taa ya jikoni

redio  ¦  redio

kiti kimoja kimevutwa mezani  ¦  kiti kimoja kimevutwa mezani

7.

Foleni ya duka la mikate, sauti mbili ambazo Bi. Raya hakugeuka kuzitazama:

"Kwani sisi tumehamia wapi?"

"Hatujahama. Wamehamisha hapa tulipo."

"Na bei ya nyumba?"

"Hiyo ndiyo ya kuuliza."

8.

Simu kutoka Wete. Bikombo, mdogo wake Bi. Raya, hana subira na mambo ya Ulaya.

"Hebu nifahamishe, dada. Huyo jirani kakaa mbele yako. Weye wataka kumwona. Kwani huvuki njia?"

"Huku si kama huko, Bikombo. Huku mtu haendi kwa mtu bila sababu."

"Ujirani si sababu?"

"Hujui weye."

"Haya, mie sijui. Lakini sikumbuki mama kutufunza kungoja uchaguzi. Katufunza hodi. Wapiga hodi mara tatu, ukiona kimya warudi kwako na moyo mweupe. Weye hata ya kwanza hujapiga, unakwenda kushitaki serikalini!"

Simu ikakatika, au Bi. Raya aliikata. Mtandao wa Wete hubebeshwa lawama nyingi zisizo zake.

9. KIKAO CHA MAONI YA WANANCHI, UKUMBI WA MJI. ASUBUHI.

MWENYEKITI: Karibu. Jina na anwani, tafadhali.

BI. RAYA: Raya Mbarouk. Nambari kumi na mbili, Barabara ya Sexton. Naomba nyumba yangu iingizwe upande wa mfereji.

MWENYEKITI: Nyumba yako peke yake?

BI. RAYA: Ndiyo. Ni ndogo.

(Kicheko.)

MWENYEKITI: Sheria inaturuhusu kuzingatia mafungamano ya wenyeji. Una mafungamano gani na upande ule? Shule? Zahanati?

BI. RAYA: Hapana.

MWENYEKITI: Ndugu?

BI. RAYA: Hapana.

MWENYEKITI: Rafiki?

BI. RAYA:

MWENYEKITI: Kumbukumbu zinahitaji jibu la sauti, mama.

BI. RAYA: Kuna paka huvuka.

10.

Alitoka kabla ya chakula cha mchana, uso unamwaka kwa aibu. Neno *rafiki* lilikuwa limefika kwenye meno likakwama. Hakuwa na idhini ya mwenyewe. Utamwitaje mtu rafiki yako mbele ya Serikali, likaandikwa na kupigwa muhuri, naye hajapata hata kukuambia kaa kitako?

Nakuuliza wewe. Ungesema?

11. KIKAO HICHOHICHO. ALASIRI.

MWENYEKITI: Jina na anwani.

BI. PASK: Doreen Pask, nambari kumi na tatu, Barabara ya Sexton. Naomba nyumba yangu ihamishiwe upande wa kanisa.

MWENYEKITI: Samahani, umesema upande wa kanisa?

BI. PASK: Mimi nimesema, na wewe umesikia.

MWENYEKITI: Una mafungamano gani na upande huo?

BI. PASK: Nimezoea kupiga kura kwenye ukumbi wa kanisa.

MWENYEKITI: Lakini kituo chako kipya, shule ya msingi, kiko karibu zaidi na kwako.

BI. PASK: Hilo ndilo lalamiko langu. Kiko karibu mno. Mtu hajaanza hata kuzungumza, amefika.

MWENYEKITI: Kuzungumza na nani?

BI. PASK: Kuna mama mmoja. Siwezi kusema tunajuana. Sitaki jina lake liandikwe, asije akadhani

12. UAMUZI WA TUME YA MIPAKA

Tume ilipokea maoni mawili kuhusu Barabara ya Sexton. Ya kwanza yanaomba nyumba moja ihamie magharibi. Ya pili yanaomba nyumba iliyo mkabala nayo ihamie mashariki. Maoni haya yanapingana, hivyo yamechukuliwa kuwa yanafutana. Hakuna ushahidi wa mafungamano yoyote kati ya pande mbili za barabara.

Mpaka unabaki katikati.

13.

Mwaka ule haukuwa na kura yoyote. Hata kamishna wa polisi hakutakiwa.

Bi. Raya aliona tu ile barua fupi isemayo ombi lake halikukubaliwa, akaiweka juu ya friji. Majira ya baridi yakaingia. Alimkosa Bi. Pask, na nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakulisema popote. Alikosa mwendo wa yule mwanamke, hatua ndefu zinazopunguzwa makusudi ili mfupi asiachwe nyuma. Alikosa kuambiwa kuhusu vijiji alivyokuwa akipeleka vitabu, na wazee waliokuwa wakiazima kitabu kilekile kila wiki ili gari lisimame kwao. Alikosa hata yale matope yasiyokuwepo.

Jikoni, akiosha kikombe chake kimoja, alikuwa akijizoeza Kiingereza kwa sauti: "Leo njia ya mfereji ni kavu, Bi. Pask. Tuione?"

Siku ya kuzoa taka, yeye huburuta pipa lake ukingoni, na Bi. Pask huburuta lake. Wiki nyingine hutoka pamoja, jambo ambalo wote wawili wangeapa ni bahati tu.

"Baridi," husema Bi. Pask.

"Baridi," husema Bi. Raya.

Kisha kila mtu na mlango wake.

14.

Uchaguzi wa wabunge ulipotangazwa, alikuja mpiga kampeni, bwana mmoja mnene mwenye beji kifuani na makaratasi kwapani. Aliyaangalia maandishi ya nambari mlangoni, akachangamka.

"Kumbe huu ndio ule mtaa!"

"Mtaa upi?"

"Mimi nilikuwapo kwenye kikao cha Tume, mama, asubuhi mpaka jioni, chama kilinituma. Tulichoka, lakini mtaa wenu ulituchekesha. Asubuhi bibi mmoja anataka ahamishiwe kule. Alasiri anakuja mwingine, wa nyumba ya mbele yake hasa, anataka aletwe huku. Sasa si wangebadilishana nyumba tu?"

Alicheka. Bi. Raya hakucheka.

"Huyo wa alasiri," akauliza, "alikuwa na kofia?"

"Kofia? Ndiyo. Ya kijani. Mkali kweli. Mwishoni akakatisha maneno katikati, akachukua mkoba akatoka. Eti kuna mama wa kuzungumza naye." Akapekua makaratasi yake. "Haya, tunaweza kuitegemea kura yako?"

"Nani aletwe huku?" akasema Bi. Raya. "Alisema aletwe *huku*?"

"Huku, mama. Upande wako."

Mlango ukafungwa, taratibu, kwa adabu zote. Yule bwana akaandika kwenye karatasi yake: *hajaamua*.

15.

Huku.

16.

Siku ya kura iliamka na manyunyu. Bi. Raya alivaa koti, akaweka kitambulisho mkobani, akasimama dirishani. Kwa kawaida saa hizo kofia ya kijani ingekuwa imekwisha tokeza getini. Leo geti lilikuwa tupu. Kwani angetokea kwa lipi? Leo hapana wa kumlinda wala wa kumfuta. Chai ikapoa. Mtu na mbwa wake wakapita kwenda kanisani kupiga kura, wakarudi.

Bi. Raya akatoka.

Akavuka. Katikati ya barabara, pale penye mstari, baiskeli ilimlia kengele, naye akaongeza mwendo mpaka ukingo wa pili, akasukuma geti ambalo mkono wake haukuwahi kuligusa. Ndani ya geti kulikuwa na njia ya vigae, imefagiliwa vizuri, haina hata tone la matope.

Kitufe cha kengele kilizibwa kwa utepe wa gundi. Kwenye kioo cha mlango, kizito chenye mawimbi, aliona ukumbi mwembamba, na kwenye kigingi kitu cha kijani. Kofia ipo. Basi mwenyewe yupo, hajaenda shuleni kupiga kura. Au hataki kwenda. Au hawezi.

Maneno yote ya Kiingereza aliyojizoeza jikoni yakamtoka. Lililobaki ni moja, la mama yake, ambalo mlango ule haujapata kulisikia.

"Hodi!"

Ndani redio ilikuwa ikizungumza, mtu anasoma habari kwa sauti ya utulivu. Hakuna hatua. Mvua ikaongezeka kidogo.

"Hodi, Bi. Pask! Ni mimi, wa mbele!"

Redio ikaendelea.

Akafungua mdomo kwa mara ya tatu, kisha akaufunga. Alijua vizuri alivyolelewa. Baada ya hodi ya tatu mtu huondoka, hana haki ya kusimama pale tena, anarudi kwake na moyo mweupe. Kwake ni kule, upande mwingine, jimbo jingine, kiti kimoja kimevutwa mezani.

Moyo wake leo haukuwa mweupe. Ulikuwa na hamu.

Akaipangusa ngazi ya mlango kwa ncha ya mtandio, akaketi, mkoba magotini, mgongo umeegemea mlango wa nambari kumi na tatu. Kura zilikuwa zikipigwa huko kanisani na huko shuleni, na hakuna aliyekuwa akizifuta. Hodi ya tatu akaishika, hakuipiga.

Ndani, redio ikazimwa.