Nukta Isiyotulia

Emil Hudak aliporudi tena na ile bastola, binti yake Marlene hakumkaribisha. Alimtazama tu kupitia mlango wa gereji, mzee na koti lake la kuwindia, theluji mabegani, kisanduku kwapani, akajua atakalosema kabla hajafungua kinywa.

"Nukta inacheza," akasema Emil.

Sasa jamani, mtu amfanyeje mzee kama huyu? Marlene ni fundi wa bunduki, tena si fundi wa kubahatisha. Watu wanavuka mto wa Ohio kumletea silaha za babu zao, wanaondoka nazo wanacheka, na hakuna anayemrudishia kazi. Anayemrudishia ni baba yake mzazi, tangu Novemba inaanza, na kila akija ana maneno yale yale na uso ule ule wa mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza.

Chanzo kilikuwa macho. Emil alikuwa mmoja wa wanne wa timu ya klabu yao ya shabaha, wale wanaosimama wima, mkono mmoja mfukoni, mwingine umenyoosha bastola, hakuna kuegemea wala kusaidia kwa mkono wa pili. Mikono miwili ni ya polisi na watoto, ndivyo alivyosema maisha yake yote. Tangu mkewe afariki, Jumanne za klabu ndizo pekee zilizomtoa kitandani. Siku nyingine Marlene humkuta mchana kweupe bado yuko na nguo za kulalia, ameikodolea macho televisheni isiyo na sauti, lakini Jumanne ananyoa ndevu na kuvaa shati lenye kola. Sasa alama zake zilikuwa zimeanza kushuka msimu hadi msimu, na kapteni wa timu, Lyle Brandt, alimwambia kwa upole kwamba kabla ya Krismasi watu watapimwa upya. Kuna bwana mmoja anaitwa Krebs anaimezea mate nafasi yake. Marlene hakutaka hata kufikiria hizo Jumanne zikiondoka mzee atabaki na nini.

Kila mtu alilaumu macho. Emil mwenyewe alisema ile ncha ya mbele ya bastola, unayoilinganisha na mwanya wa nyuma ili ulenge, anaiona kama imefungwa pamba. Dawa yake inajulikana. Unafunga juu ya bastola kioo kidogo chenye nukta nyekundu, unatazama karatasi ya shabaha tu, na pale nukta ilipo ndipo risasi inapokwenda.

Shida ilikuwa bastola. Za siku hizi zinatoka kiwandani zimeshachongwa mahali pa kukalisha kioo. Ya Emil ni ya zamani, chuma kitupu, aliinunua alipotoka jeshini, na slaidi yake, yaani ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi ikitoka, haina mahali pa kutia hata skrubu moja. Marlene alimwambia siku ile ile ya kwanza: baba, niikate slaidi, nichonge kitako, kioo kikae, yaishe. Mzee akaja juu. Alisema hakuna mashine itakayoigusa bastola yake, imekuja nzima na atazikwa nayo ikiwa nzima.

Haya. Marlene akamtafutia bamba la kuchomeka kwenye mfereji wa kilengeo cha nyuma. Bamba likakataa kuingia, maana mifereji ya zamani hailingani, kila kiwanda kilikata kivyake. Akapiga tupa asubuhi nzima, anasugua kidogo anajaribu, anasugua kidogo anajaribu, mpaka likaingia. Emil akaondoka nalo, akarudi: nukta inacheza. Marlene akafungua, akapaka gundi ya skrubu, akakaza upya. Inacheza. Akabadilisha kioo chenyewe. Inacheza, na vioo vya siku hizi ni takataka. Mwishowe Marlene akaenda mwenyewe klabuni, akaegemeza mikono juu ya mfuko wa mchanga, akapiga, na matundu yote yakaingia mahali unapoweza kupafunika kwa kikombe. Akampelekea mzee ile karatasi. Mzee akaigeuza mbele na nyuma, akasema ukiegemeza, hata mpini wa ufagio unapiga vizuri.

Hapo Marlene alikosea, akajaribu kumfundisha. Alimweleza kwamba nukta ya kila mtu hutembea kidogo, na waliozoea vilengeo vya zamani hushtuka kwa sababu kioo hakimfichii mtu kitu. Emil akauliza kama anaitwa mwanagenzi. Alisema mkono wake ni bomba la chuma, na yeye mabomba anayajua, ameyafunga kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa. Siku ya Shukrani walikula bata mzinga bila kusemezana, kila mmoja akimwomba shangazi Dolores amwambie mwenzake apitishe mchuzi.

Kisha asubuhi moja akaja na slaidi peke yake, ameizungushia taulo la jikoni la marehemu mama, akaiweka mezani na kusema, "Kata." Marlene alimuuliza mara mbili, maana chuma kikishakatwa hakirudi. Mzee aligeukia dirishani, akasimama hivyo mpaka mashine ikanyamaza. Marlene hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Kioo kilikaa kana kwamba kilizaliwa pale, hata ukucha haukupata pa kuingia.

Na leo, kesho yake ikiwa ndiyo Jumanne ya kupimwa, huyo hapo tena na kisanduku chake.

"Inacheza vipi?" Marlene aliuliza.

"Inacheza. Nimekwambia inacheza. Hukukaza."

Yalikuwa yamemfika shingoni. Alimwambia baba yake kwamba leo wanakata maneno, na baada ya hapo hataki kulisikia neno nukta mpaka afe. Akaitoa bastola kisandukuni, akahakikisha ni tupu, akaibana kwenye jiliwa la mezani kati ya vipande viwili vya mbao, akaielekeza kwenye kichwa cha msumari ukutani. Akawasha kioo, akasogea pembeni.

"Chungulia."

Emil akainama. Akafumba jicho moja, akalifumbua, akafumba jingine.

"Inacheza?"

"Haichezi."

"Sema tena, sijasikia."

"Haichezi, Marlene. Nimesema."

Angeweza kuachia hapo, lakini alikuwa na hasira za wiki nyingi na alitaka kushinda kabisa. Alifungua jiliwa, akampa bastola mkononi, akamwambia aulenge ule ule msumari, naye akasimama nyuma ya bega lake ili ampate papo hapo. Mkono ukapanda vizuri kama siku zote. Ukatulia. Marlene akafungua kinywa aseme unaona sasa, na ndipo kidole gumba cha baba yake kilipoanza kugonga ubavu wa bastola, taratibu, kwa mpigo ule ule, kama mtu anayesugua punje ya nafaka vidoleni. Mpigo ukahamia kwenye kiganja, kisha ukapanda kifundoni.

Huku siko kule kutembea kwa nukta alikokuwa akimhubiria.

Emil akaishusha bastola juu ya meza, polepole, akaiachia. Mkono ulibaki umelala juu ya mbao, mtupu, hauna kazi, na bado uliendelea. Wote wawili wakautazama.

"Baba yangu naye alianza na huu wa kulia," Emil akasema. "Kidole hiki hiki."

Marlene alikuwa mtoto wakati ule. Alichokumbuka ni bibi akimlisha babu supu, na kitambaa kikubwa kifuani. Alisema huenda ni kitu kingine, huenda ni kahawa, mzee anakunywa kahawa mno, watakwenda kwa daktari wiki hii hii. Alisema maneno mengi. Alisema hata kwamba akishika kwa mikono miwili itapungua, na papo hapo akajuta, akangoja mzee aje juu. Mzee hakuja juu. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

"Nipe simu yako, mama," akasema. "Yangu iko garini."

Alibonyeza namba kwa mkono wa kushoto. Marlene alisikia sauti ya Lyle Brandt upande wa pili ikicheka na kuuliza ile bastola imepona au bado.

"Imepona," Emil akajibu. "Haina tatizo lolote. Marlene aliifunga vizuri tangu mara ya kwanza, ni mimi niliyekuwa nikimsumbua. Kesho mwandike Krebs." Akasikiliza. "Hapana, Lyle. Mwandike tu."

Akamrudishia simu, akaketi kwenye kiti cha wateja, mkono wa kulia ameuingiza mfukoni. Tangu Novemba Marlene alikuwa akiyapigania maneno yale, aambiwe tu kwamba aliifunga vizuri. Alichukua bisibisi, akainamia bastola, akajaribu skrubu moja moja, akiomba apate hata moja iliyolegea. Zote zilikuwa zimekaza.